Othello ya Stratford: mapitio ya diski ambayo shangazi hakutaka kuimaliza

Diski ninayoiandikia mapitio haya ni rekodi ya Othello, tanzia ya William Shakespeare, iliyoigizwa na Royal Shakespeare Company katika ukumbi wao wa Stratford-upon-Avon mwaka 2015 chini ya mwongozaji Iqbal Khan, ikapigwa picha mbele ya watazamaji waliokuwa wamekaa ukumbini, kisha ikatolewa kwa ajili ya wanaotazama wakiwa nyumbani. Niliipata kwa mkono wa binamu yangu aliyekuwa akirudi likizo kutoka Uingereza, na hadi sasa nimeitazama mara moja na nusu: mara ya kwanza peke yangu, na hiyo nusu pamoja na shangazi yangu, sebuleni kwake Tanga, nikiisimamisha deki kila baada ya dakika chache ili nimfasirie. Kilichonifanya niiagize ni jina moja katika orodha ya waigizaji. Iago, mfitini mkuu wa tamthilia hii, ameigizwa na Lucian Msamati, aliyezaliwa Uingereza na wazazi Watanzania na kukulia Zimbabwe, ambaye ndiye mwigizaji mweusi wa kwanza kupewa nafasi hiyo katika kampuni hiyo.

Kwa msomaji ambaye Shakespeare wake ni yule wa Mwalimu Nyerere, aliyetupatia Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi kwa Kiswahili, mji unaofungua tamthilia hii si mgeni. Ni Venisi ileile ya wafanyabiashara na mabaraza, isipokuwa safari hii mtu anayehitajiwa na kudharauliwa kwa wakati mmoja si Myahudi mkopesha fedha bali ni jemadari mweusi. Othello amemwoa kwa siri Desdemona, binti wa mzee wa baraza aitwaye Brabantio. Usiku huohuo anaamriwa kwenda Saiprasi kukabiliana na Waturuki. Dhoruba inazivunja merikebu za Waturuki kabla vita havijaanza, na jeshi linajikuta kisiwani bila adui. Iago, aliyetarajia kuwa luteni akaachwa kuwa mshika bendera huku cheo kikienda kwa Cassio, kijana wa Florence, ndiye anayeijaza nafasi hiyo ya adui.

Uamuzi wa kumfanya Iago mweusi ndio unaoitofautisha diski hii na rekodi nyingine, na unahitaji maelezo kidogo. Tamthilia hii iliigizwa katika kasri la Whitehall tarehe 1 Novemba 1604, na kwa karne nyingi zilizofuata jemadari mweusi aliigizwa na Wazungu waliojipaka rangi. Ira Aldridge, mwigizaji mweusi kutoka Marekani, alilipanda jukwaa la ukumbi wa Covent Garden, London, akiwa Othello mwaka 1833. Paul Robeson, Mmarekani mweusi pia, aliigiza nafasi hiyo London mwaka 1930, kisha akairudia Broadway, New York, kuanzia mwaka 1943 kwa maonyesho 296. Na pamoja na hayo yote, filamu ya mwaka 1965 ilimwonyesha Laurence Olivier, mwigizaji Mzungu wa Uingereza, akiwa amepakwa weusi mwili mzima. Hugh Quarshie, mzaliwa wa Ghana anayemwigiza Othello katika rekodi hii, ni mtu aliyewahi kusema hadharani, mwishoni mwa miaka ya 1990, kwamba huenda hii ndiyo nafasi ambayo mwigizaji mweusi hapaswi kuikubali, kwa kuwa mtazamaji anaweza kuondoka ukumbini akiamini kuwa hasira na upumbavu wa Othello vinatokana na ngozi yake. Aliikubali baadaye, na ukimwona amesimama kando ya Msamati unaelewa ni kwa nini masharti ya mchezo yamebadilika. Rangi haiwezi tena kubeba lawama, kwa sababu aliyedanganywa na aliyedanganya wote wanayo.

Jambo hilo linaonekana mapema sana. Tunaanza na Iago akiwa na Roderigo, tajiri mjinga anayemtamani Desdemona, ndani ya gondola inayoelea juu ya maji halisi yaliyowekwa jukwaani, na mara Iago anaanza kumwamsha Brabantio usiku wa manane kwa kelele kwamba kondoo dume mzee mweusi yuko na kondoo wake jike mweupe. Maneno hayo yakitoka kwa Mzungu ni tusi ambalo tumelizoea. Yakitoka kinywani mwa Msamati yana uchungu wa aina nyingine, maana tunamsikia mtu anayejua hofu ya mwenye nyumba ilipo na anayejua pia kuwa hofu hiyohiyo ingeweza kumgeukia yeye. Hapo nilianza kuelewa kisa chake. Huyu si mbaguzi anayemchukia mgeni. Ni mtu aliyepita njia ileile ya taabu pamoja na mkubwa wake, akadhani kuwa wenye kupitia hayo hawaachani, kisha akaona nafasi inapewa kijana wa Kizungu ambaye, kwa maneno yake mwenyewe, vita amevisoma vitabuni. Sisemi kwamba hilo linamsafisha. Nasema tu kwamba linamfanya afahamike, jambo ambalo Iago wengi niliowahi kuwaona hawakulifikia.

Sehemu ya kati, ile ambayo wanafunzi huijua kama kitendo cha tatu, onyesho la tatu, ndiyo inayostahili bei yote ya diski. Cassio, aliyevuliwa cheo kwa kosa la ulevi alilotegewa na Iago, amekuja kumwomba Desdemona amwombee kwa mumewe, na anapomwona Othello akija anaondoka haraka kwa aibu. Iago anatamka maneno machache ambayo nilimfasiria shangazi kuwa ni kama, "Aa, hilo silipendi." Othello anamuuliza amesema nini. Iago anajibu kwamba si kitu, na kama ni kitu, basi hajui ni kitu gani. Baada ya hapo anauliza, kana kwamba anapitisha muda tu, kama Cassio alijua habari za uchumba wao tangu mwanzo. Othello anasema alijua, tena mara nyingi ndiye aliyekuwa mjumbe kati yao. "Kumbe?" anasema Iago, na kunyamaza. Othello anauliza kama Cassio si mwaminifu. "Mwaminifu, bwana wangu?" Anauliza Iago anawaza nini. "Ninawaza, bwana wangu?" Msamati anayasema haya bila haraka na bila jicho la ubaya, kwa sauti ya msaidizi ambaye angependa sana aruhusiwe kwenda zake.

Shangazi alinishika mkono nisiiondoe deki kwenye kusimama. "Hajasema lolote huyu," akasema. "Mbona mwenzake keshaumia?"

Sijasoma uchambuzi ulioieleza kazi ya Iago kwa usahihi kuliko hivyo. Kwa muda mrefu hakuna tuhuma iliyotamkwa. Kilichopo ni maswali, miguno, na maneno ya Othello mwenyewe anayorudishiwa kama mwangwi, hadi Othello anaanza kumsihi mfitini amwambie jambo ambalo mfitini hana. Na anapofikia kusema, Iago anatanguliza onyo: bwana wangu, jihadhari na wivu. Kisha anachomoa silaha ambayo hakuitengeneza yeye. Huko Venisi, Brabantio alipokuwa akiondoka kwa hasira, alimwambia mkwewe amwangalie vizuri huyo binti, kwani aliyemhadaa baba yake anaweza kumhadaa na yeye. Othello siku ile alijibu kwamba anaweka uhai wake rehani kwa uaminifu wa mkewe. Sasa Iago anamkumbusha kwa upole tu kwamba ni kweli, alimhadaa baba yake akaolewa nawe, na Quarshie, ambaye hadi hapo amekuwa mtulivu kama mzee wa baraza, anakaa kimya kwa namna inayotisha kuliko kelele zote zinazofuata.

Nilipofika kwenye lile zimwi maarufu lenye macho ya kijani, jina ambalo Iago anaupa wivu katika onyo lake, nilikwama katika kufasiri, na kukwama huko kukanifundisha kitu. Kwetu wivu ni wa mtu kwa kilicho chake, kama mume kwa mke au mke kwa mume, na mwenye wivu wa kiasi hata husifiwa. Kutamani cha mwenzako kiharibike ni kijicho, ni husuda. Othello ana wivu. Iago ana kijicho, tena cha pande zote: kwa Cassio kwa ajili ya cheo, kwa Othello kwa ajili ya mapenzi anayoyaona, na juu ya hayo anatuambia kuwa anashuku Othello aliwahi kulala na mkewe Emilia, jambo ambalo halithibitishwi popote na ambalo yeye mwenyewe anakiri kwamba hana hakika nalo ila atalichukulia kama ni hakika. Kwa hiyo mwenye kijicho anamwambukiza mwenzake wivu, na tiba anayoahidi ni ushahidi wa macho. Ninadhani kwamba tofauti hii, ambayo msemaji wa Kiswahili huipata bure katika lugha yake, inaufanya uigizaji wa Msamati ueleweke zaidi Tanga kuliko Stratford, ingawa najua kuwa hapo nasema kwa upendeleo.

Ushahidi wenyewe ni leso. Neno hilo kwetu ni kitambaa cha mkononi, na kwa jirani zetu wa Mombasa ni kanga nzima yenye jina lake, kwa hiyo shangazi hakuhitaji kuelezwa kwamba kitambaa kinaweza kubeba ujumbe. Hii ya Desdemona imetariziwa matunda ya stroberi na ndiyo zawadi ya kwanza aliyopewa na Othello. Othello amemweleza mkewe kwamba mama yake aliipewa na mganga wa kike wa Misri, kwamba ilishonwa na mwaguzi aliyehesabu miaka 200 ya jua, na kwamba ikipotea mapenzi yanapotea. Mwishoni kabisa, mbele ya mashahidi, anasema tu kwamba baba yake alimpa mama yake. Yupi mkweli kati ya Othello hao wawili, tamthilia haisemi. Wala haisemi leso iliangukaje. Kichwa kinamuuma Othello, Desdemona anataka kumfunga nayo, Othello anasema ni ndogo mno, inaanguka, naye Othello anamwambia mkewe aiache. Nakala zilizochapwa mwaka 1622 na 1623 hazielezi ni mkono wa nani ulioiangusha. Emilia anaiokota na kumpa mumewe, ambaye kwa muda mrefu amekuwa akimsihi aiibe, bila kujua ni ya kazi gani.

Watu wengi, wakisimuliwa kisa hiki, hukimbilia ile methali ya kikulacho ki nguoni mwako. Mimi naiona haitoshi hapa. Mdudu aliye nguoni amejificha, hali Iago ameitwa na kuketishwa; neno "mwaminifu" na ndugu zake hutokea katika tamthilia hii zaidi ya mara 50, na mara nyingi ni yeye anayevishwa. Cassio anamwita mwaminifu siku ileile aliyoharibiwa naye. Desdemona anapopata shida anapiga magoti mbele yake. Ndiye pia mwenye maneno mengi kuliko wote, zaidi ya mistari 1,000, na sehemu kubwa anatuambia sisi watazamaji, hata nasi tunakuwa tumejua na tumenyamaza. Rekodi inakitumia kipengele hiki vizuri, kwani kamera inamsogelea Msamati anapozungumza nasi, na vicheko vya watu waliokuwa ukumbini vinasikika hadi mahali ambapo havipaswi kusikika tena.

Kuna mambo ambayo hayakunipendeza. Khan ameipeleka hadithi katika siku zetu, kambi ya kijeshi yenye askari wa rangi zote, na ile karamu ya ulevi ameigeuza kuwa mashindano ya kurap, ambapo Cassio na Montano, aliyekuwa gavana wa Saiprasi, wanarushiana maneno ya kejeli. Wazo si baya, kwani ulevi wa Cassio unapata maana mpya ukiwa na dharau ndani yake, lakini onyesho linarefuka, na maneno yaliyoongezwa yanapungukiwa uzito ukilinganisha na yaliyo kando yake. Kambi hiyo tunaonyeshwa pia ikimtesa mateka, na hapa sina malalamiko: Othello anapomgeukia Iago na kudai athibitishe tuhuma zake au afe, tunamwamini, maana tumeona kazi yake ya kila siku. Kuhusu umri, maandishi yanasema Iago ana miaka 28. Msamati alikuwa na 39 na Quarshie alikuwa na 60, na mimi niliona umri huo unaongeza uzito wa kisa, kwa kuwa aliyerukwa cheo si kijana mwenye haraka bali ni mtu mzima anayeona milango ikifungwa.

Joanna Vanderham ni Desdemona mwenye ukaidi mzuri, asiye malaika wa picha, na Ayesha Dharker anamfanya Emilia kuwa mwanamke anayesubiri kwa miaka mume wake amtazame. Nilipokuwa nikifasiri sehemu zao, shangazi aliuliza maswali mawili ambayo nayarudisha hapa kwa sababu ni ya msingi. La kwanza lilikuwa fupi: "Lini sasa?" Tukahesabu pamoja. Cassio alisafiri kwa chombo chake, Desdemona akaja kwa chombo kingine akiwa na Iago na Emilia, Othello akafika wa mwisho. Usiku huo kulikuwa na sherehe, na kesho yake fitina ikaanza. Hakuna usiku wala mchana ambao uzinzi unaodaiwa ungeweza kufanyika, na Othello, mtu anayejua kupanga merikebu na majeshi, hakukaa kuhesabu. La pili: "Kwa nini hamuulizi mkewe?" Nikamwonyesha kwamba anamuuliza habari za leso, anamtukana, anampiga mbele ya wageni, lakini jina la Cassio kama mzinzi wake halitamki mbele yake mpaka amekwisha kusimama kando ya kitanda kumuua. Desdemona analia akitaka kujua amekosa na nani, na hajibiwi. Alipojibiwa aliomba Cassio aitwe aulizwe.

Kwa upande wa mambo ya kawaida: picha ni safi, sauti imenaswa vizuri hata katika minong'ono, na jukwaa lililozungukwa na watu pande tatu linaonekana kama jukwaa, si kama filamu inayojifanya. Maandishi ya chini ya Kiswahili hayapo, kwa hiyo asiyejua Kiingereza atahitaji mtu wa kumfasiria. Mwalimu wa fasihi anayetaka kuitumia darasani nashauri aionyeshe kwa vipande, aanzie na lile onyesho la tatu la kitendo cha tatu, na awape wanafunzi kwanza muhtasari wa nani ana cheo gani, kwani vyeo ndivyo vinavyochanganya. Watoto wadogo wasiitazame. Anayetafuta Othello wa kunguruma, mwenye machozi na mapovu, Quarshie atamwona baridi. Mimi nilimwona mtu mwenye akili akijiharibu kwa kutumia akili hiyohiyo, na hilo liliniuma zaidi.

Sasa ile nusu. Tulipofika Desdemona anapotandikiwa kitanda na kuimba ule wimbo wa mti wa huzuni alioujifunza kwa mjakazi wa mama yake, shangazi alisema inatosha, hiyo iliyobaki niitazame mwenyewe, yeye anaijua. Nikaizima. Alipokwenda kulala niliiwasha tena kwa sauti ya chini nikaiangalia mpaka mwisho, Emilia akipiga kelele za kweli yake mpaka mumewe anamchoma kisu, na Othello akiomba wamuulize huyo nusu shetani ni kwa nini ameinasa roho yake na mwili wake. Iago anajibu kwamba wasimuulize kitu, wanachokijua wanakijua, na tangu saa hiyo hatasema neno. Msamati analisema hilo bila fahari yoyote.

Asubuhi, nilipomwamkia, shangazi aliitikia na kuniuliza kwanza kama yule bwana alisema ni kwa nini. Nikamjibu kuwa hakusema. Alimimina chai, akakaa kidogo, kisha akataka kujua kama deki inaweza kurudishwa nyuma hadi pale leso ilipoanguka, maana jana usiku aliangalia uso wa mke tu, na sasa anataka kuona ni mkono wa nani ulioiachia.